Hatua Mia na Nne

Siku Bwana Dakika alipoingia saiti, jambo la kwanza alilolifanya ni kuwavalisha watu namba. Wabebaji kumi na wawili, wote wanawake, walipangwa mstari mbele ya kibanda cha mabati cha ofisi, kila mmoja akatupiwa kizibao cha rangi ya chungwa chenye namba mgongoni, kama mbuzi wa mnadani. Hakuuliza jina la mtu. Alisema yeye ni mtaalamu wa ufanisi, ameletwa na mkandarasi kwa sababu jengo limechelewa miezi miwili, na kwamba kuanzia siku ile kila dakika ya kazi itajulikana imekwenda wapi. Kufikia saa nne asubuhi hiyo hiyo alikuwa ameshapewa jina lake, na hakuna aliyekumbuka tena lile alilokuja nalo.

Namba moja alivaa Daftari. Huyu ndiye aliyekuwa kiongozi wa wabebaji, mama wa miaka hamsini na ushei, mwembamba, shingo imekakamaa kwa mizigo ya miaka ishirini na miwili. Walimwita Daftari kwa sababu jambo likimwingia kichwani halikutoka. Ungemuuliza ni mwaka gani mvua ilibomoa ukuta wa ghala, angekutajia mwaka, siku, na nyapara aliyekuwa amelewa siku hiyo. Wakubwa hawakulipenda jina lile. Mtu anayekumbuka ni mtu wa kuchungwa.

Nyuma kabisa, namba kumi na mbili, alisimama wifi yake. Kaka yake Daftari alikuwa ameoa kwingine na kwenda zake miaka saba nyuma, akamwachia mkewe watoto watatu na kitanda kilichovunjika mguu. "Kaka yangu ameondoka, lakini hakuondoka na uwifi wetu," Daftari alipenda kusema, na yeye ndiye aliyemshika wifi yake mkono akamleta kubeba tofali. Kwa hiyo goti la kulia la Wifi, lililovimba na kulia kaa-kaa kila alipopanda mlima, Daftari alilichukulia kuwa ni kosa lake mwenyewe.

"Wamenipa ya mwisho," Wifi alisema akijitazama mgongoni. "Mkia."

"Afadhali wewe mkia, utafukuza nzi. Mimi nimepewa kichwa, cha kupigwa."

Wakacheka, wakatia ngata vichwani, wakapandisha tofali. Bwana Dakika akawafuata na kishikwambi chake.

Kikosi cha Daftari kilikuwa na utaratibu wake. Kati ya wabebaji kumi na wawili, wawili walikuwa wamekaa. Muda wote. Walikaa juu ya ndoo zilizopinduliwa kando ya pipa la maji, wakanyosha miguu, na baada ya safari ishirini za wenzao waliinuka, wakakaa wengine wawili. Hakuna nyapara aliyeuanzisha utaratibu huo. Ulianza miaka kumi na mmoja iliyopita, kwenye jengo jingine, baada ya mwenzao mmoja, mama wa mapacha, kubeba tangu alfajiri bila kuketi. Mchana miguu ilimkatika juu ya ubao wa ghorofa ya pili, akaenda chini na tofali zake nane. Kazi haikusimama. Walimwaga mchanga pale alipoangukia, wakaambiwa wapitie ubao wa pili. Daftari alikuwa nyuma yake hatua tatu, na mpaka leo anajua kanga aliyoivaa marehemu ilikuwa ya rangi gani. Wiki ile ile wanawake wakaamua wenyewe kwamba wawili watakaa, apende asipende mtu. Tangu hapo hakuanguka mwingine.

"Hawa wawili wanafanya nini?" Bwana Dakika aliuliza.

"Wanapumzika," Daftari alijibu.

"Nilivyopita saa mbili walikuwa wamekaa."

"Walikuwa wengine."

"Kwa hiyo kila saa kuna wawili wamekaa."

"Kila saa. Wewe mwenyewe umekaa mara ngapi tangu uje?"

Bwana Dakika aligusa kioo chake mara mbili, na Daftari akajua kwamba kitu kimeandikwa.

Siku ya tatu karatasi ilibandikwa kwenye ukuta wa kibanda. Namba zilikuwa zimepakwa rangi: kijani kwa wepesi, njano kwa wa katikati, nyekundu kwa wazito. Namba kumi na mbili ilikuwa nyekundu, peke yake. Nyapara, ambaye enzi za ujana wake alichanganya udongo pamoja na Daftari na sasa alitembea akitazama viatu vyake, alimvuta pembeni.

"Dada, nisikilize vizuri. Ijumaa wekundu wanaondoka."

"Mwekundu ni mmoja."

"Ndiyo hivyo. Mimi natumwa tu."

"Wewe umetumwa tangu nikujue," Daftari alimwambia. "Siku moja utume mtu na wewe, uone raha yake."

Damu ilikuwa imeshamchemka. Alimtazama Wifi akipanda na mzigo wake, mkono mmoja kichwani, mwingine umeshika paja kulisaidia goti, na akakumbuka kila safari ya miaka saba. Akatua tofali zake palepale njiani, akashuka mpaka geti la chini alikosimama Bwana Dakika kivulini.

"Njoo ubebe," akamwambia.

"Samahani?"

"Unatupima wakati hujawahi kuubeba mzigo. Chukua tofali nne tu, ukumbatie kama mtoto, unifuate."

Wapiga plasta juu ya jukwaa walikuwa wameshaacha kazi, wanachungulia. Mtu mmoja akapiga mluzi. Bwana Dakika aliona aibu kukataa, akakumbatia tofali nne, na shati lake jeupe likapata rangi. Daftari akatangulia akihesabu kwa sauti. Kutoka geti la chini, malori yanakomwaga tofali, walipanda mlima. Wakazunguka lundo la kokoto. Wakavuka mtaro kwa ubao unaonesa. Kisha, walipoiona mbele yao winchi inayopandisha mizigo ghorofani, karibu hivi unaweza kuitemea mate, wakalazimika kukata kushoto na kulizunguka banda refu la mabati, nguzo sita, sakafu ya saruji safi, ndani yake gari la mkandarasi limelala kivulini.

"Mia na mbili, mia na tatu, mia na nne," Daftari alisema, akaweka mkono juu ya winchi. "Tua."

Bwana Dakika alitua. Jasho lilikuwa linamchuruzika kwenye miwani.

"Sasa tazama nyuma yako. Hapa palipo na gari ni tambarare. Lori linaweza kuingia hapa kwa geti la juu, linarudi nyuma, linamwaga tofali chini ya winchi. Hatua sita. Lakini gari haliwezi kupigwa jua, basi sisi ndio tupigwe. Mia na nne kwenda, mia na nne kurudi, safari sitini kwa siku, miezi tisa. Winchi yenyewe inatusubiri nusu ya siku, mwendesha winchi anasinzia mpaka udenda unamtoka."

"Sisinzii, nafumba macho," mwendesha winchi alisema kutoka kwenye kiti chake.

"Anafumba macho. Kisha wewe unakuja na rangi zako kutwambia kwamba uzembe upo kwenye goti la wifi yangu. Ufanisi wako huo hapo, umeezekwa mabati."

Bwana Dakika hakuwa mjinga. Aliliangalia banda, akaliangalia geti la chini, akarudisha macho kwenye banda, na uso wake ukafunguka taratibu.

"Nani mwingine anayejua jambo hili?"

"Kila mwenye shingo," Daftari alisema, akaenda kuzifuata tofali zake.

Alimpitia Wifi pale pale mlimani. "Umepona," alimnong'oneza. "Nimempa vidonge vyake na amevimeza."

Kesho yake, Alhamisi, banda liling'olewa. Gari la mkandarasi lilisogezwa juani likafunikwa turubai, na lori la tofali likaingia kwa geti la juu likirudi nyuma, mwendesha winchi akiliongoza kwa mikono kama anayeongoza ndege. Siku hiyo ilikuwa tamu. Tofali za kutwa ziliisha kupanda kabla ya mapumziko ya mchana. Wanawake waliimba, walitaniana, mmoja akajaribu kucheza na karai kichwani. Goti la Wifi halikulia hata mara moja. Mkandarasi mwenyewe alikuja, akasimama na mikono kiunoni akitazama tofali zinavyopaa, akampa Bwana Dakika mkono na kumpigapiga begani. Daftari aliona, akajitia hamnazo. Achukue sifa, alijisemea. Sifa hazibebi mtu.

Ijumaa saa tisa, Nyapara alisoma karatasi bila kuinua uso. Kazi ya watu kumi na wawili sasa inafanywa na watu wanne. Kwa hiyo wanane wanashukuriwa kwa mchango wao. Akazitaja namba. Kumi na mbili ilikuwa ya kwanza, zikafuata saba nyingine, za njano na hata za kijani.

Bwana Dakika alimfuata Daftari na kizibao kipya, cha kijani. "Mama, wewe unabaki. Tena utakuwa msimamizi wa ufanisi. Wazo lako limesaidia sana."

Hakuwa anamdhihaki, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alikuwa ameonyesha meno, anafurahi kwa dhati, anadhani amemletea mtu zawadi.

Daftari alikishika kile kizibao asijue akiweke wapi. Miaka ishirini na miwili alikuwa amekusanya kichwani kila dhuluma, na siku alipofungua mdomo alikuwa ameutumia ulimi wake kuwapigia wakubwa hesabu yao. Alikwenda kupigana kwa rula yao. Alithibitisha mbele ya mashahidi kwamba kazi inaweza kuwa nyepesi, na hakuuliza, kabla hajahesabu hata hatua moja, kwamba ikiwa nyepesi itakuwa nyepesi kwa nani. Miezi tisa hatua zile zilipokuwa zinapotea, zilipotea miguuni mwa wanawake, na hakuna aliyezitafuta. Ziliokolewa siku moja, moja tu, na papo hapo zikapata mwenyewe. Mwenyewe alikuwa yule yule mwenye gari. Angekuwa na aibu hata kidogo angesubiri wiki. Hakusubiri hata Jumamosi.

Nje ya geti wale wanane walikuwa wanakunja ngata zao.

"Daftari katuuza kwa kizibao," mmoja alisema, kwa sauti ya kusikika.

"Mwache," mwingine akadakia. "Si unaona ni cha kijani? Hajaiva bado huyo."

Wifi hakusema kwa ukali. "Uliniambia nimepona," alisema tu, akaondoka akichechemea, na Daftari akatamani angetukanwa.

Jumapili mchana Daftari alikwenda kwa Wifi. Chumba kilikuwa kimoja, pazia katikati, madaftari ya shule juu ya friji isiyofanya kazi. Wifi alikuwa amekaa kwenye kigoda, goti limefungwa kitambaa kilichochovywa maji moto ya chumvi. Watoto walitoka walipomwona shangazi yao ana uso ule.

"Wifi, nimekuja kukuomba radhi."

"Usiniombe radhi kama mtu wa ofisini. Radhi nitaipika?" Wifi alikaza kitambaa. "Nimezunguka majengo matatu jana. Wakiniona natembea, wanasema watanipigia simu. Hata namba yangu hawajaichukua. Nirudishe kazini. Ulinitoa kwa mdomo, nirudishe kwa mdomo."

"Mdomo wangu ndio ulioharibu."

"Basi ufunge. Wewe unajua kukaa? Miaka yote unatukalisha wengine, wewe zamu yako unaitoa."

Kisha Wifi akasema jambo jingine kwa kebehi, kama linalomtoka njiani. "Nyapara alipita hapa jana. Eti Jumanne wanamwaga zege la sakafu ya nne, watu wanne hawatoshi, turudi wote wanane. Kwa siku moja. Jumatano kila mtu kwake."

"Wewe ulimjibu nini?"

"Nilimwambia nitafikiri. Watoto wanakula, wifi. Ningemjibu nini?"

Daftari alicheka, lakini si kicheko cha furaha. Waliwafukuza Ijumaa kwa kuwa ni wengi, Jumamosi wakawatafuta kwa kuwa ni wachache. Akasimama, akajifunga kanga upya. "Uniitie wenzako. Wote, hata yule aliyesema sijaiva. Huyo kwanza."

Jumanne saa mbili na nusu lori la zege lilifika, tumbo lake linazunguka, na nyuma yake la pili lilikuwa njiani. Zege likishachanganywa lina saa zake. Ukilichelewesha linaanza kuganda ndani ya lori, na likiganda si mali tena, ni jiwe na hasara. Kila mtu saiti alilijua hilo, kuanzia mkandarasi hadi paka wa mlinzi.

Winchi ilikuwa tayari, makarai yamepangwa juu. Wale wanane walifika getini kama walivyoahidi. Hawakuingia. Walitandika kanga zao chini wakakaa. Ndani, Daftari na wenzake watatu walitua makarai, wakatoka mpaka getini wakakaa pamoja nao. Nyapara alikuwa ameokota vibarua sita wa kiume njia panda, wakafika nusu saa baadaye. Waliwatazama wale wanawake, wakauliza, wakaambiwa. Wawili wakaondoka. Wanne wakakaa upande wa pili wa barabara kutazama, mmoja akasema hajaona sinema ya bure siku nyingi.

Mkandarasi alikuja anakimbia, Bwana Dakika nyuma yake.

"Nani kiongozi hapa?"

Daftari hakuinuka. "Tumekaa, bosi. Sema tu, tunakusikia."

"Mnataka nini?"

"Kumi na wawili. Si wa leo tu. Mpaka jengo liishe."

"Kazi ya watu kumi na wawili haipo. Wewe mwenyewe ulituonyesha."

"Nilionyesha kazi inaweza kupungua. Sikusema watu wapungue. Hilo mliliongeza wenyewe."

Bwana Dakika alitaka kusema kitu kuhusu takwimu. Dereva wa lori alitoa kichwa dirishani akamkata kauli. "Mzee, mimi sina ugomvi na mtu. Ila hili zege nina dakika arobaini nalo. Baada ya hapo nakwenda kulimwaga shimoni, nikaoshe tumbo."

Mkandarasi alifuta jasho. Alitembea mpaka kwenye mtaro akarudi. "Sawa. Saba wanarudi. Yule mwenye mguu hapana. Yule hata daktari angesema hapana. Nimemaliza."

Saba si haba, na kila mmoja alikuwa na mlango wake wa kuufungua jioni, na watu wa kulisha nyuma yake. Wanawake wakatazamana, kisha mmoja mmoja wakaangalia chini, wasimwangalie Wifi. Wifi akaelewa.

"Chukueni," alisema. "Mimi goti limeshasema lake. Chukueni, nitapata kitu kingine."

Hasira ilimpanda Daftari. Haikumhusu mkandarasi peke yake. Ilimhusu pia yule mama wa mapacha, na mchanga uliomwagwa, na yeye mwenyewe akivuka ubao wa pili siku ile kwa sababu aliambiwa avuke, na akavuka.

"Nyamaza, wifi," alisema. "Goti hilo ameliharibu yeye, kwa banda la gari. Asilitupe kabla hajamaliza jengo lake." Akamgeukia mkandarasi. "Kumi na wawili. Na wawili watakuwa wamekaa, kama siku zote."

Yule aliyesema Daftari hajaiva ndiye aliyejibu kwanza. "Kumi na wawili," akasema, akajinyosha zaidi kwenye kanga yake.

"Kumi na wawili," wakasema wengine, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, na mwendesha winchi akashuka kwenye kiti chake akaja kusimama nyuma yao, mikono mfukoni.

Dereva alitazama saa. "Dakika ishirini na tano."

"Nyapara," mkandarasi alisema, meno yameumana, "waandikie."

Nyapara aliandika juu ya boneti ya lori. Mkandarasi alitia sahihi bila kusoma, akaisukuma karatasi. Daftari akaipokea, akaivuta karibu na macho.

"Tunaanza basi," mkandarasi alisema.

"Nasoma."

Hakwenda shule. Alijifunza kusoma kwenye mifuko ya saruji, jengo baada ya jengo, na alisoma vilevile, neno moja kwa wakati, midomo ikitembea. Lori lilinguruma. Hakuna aliyethubutu kumharakisha isipokuwa mkandarasi, naye alikuwa peke yake. Alipofika mstari wa tatu, Daftari aliweka kidole.

"Hapa pameandikwa 'kwa muda'. Futa. Andika 'mpaka jengo likabidhiwe'. Na chini ongeza: wakimaliza kazi ya siku mapema, wanakwenda nyumbani, na siku inahesabiwa nzima."

"Hilo hatukukubaliana," Bwana Dakika alisema.

"Hizo ni hatua zetu, baba. Tulizitembea. Zikiokolewa tunakwenda nazo nyumbani."

"Dakika kumi na tano," dereva alisema.

Mkandarasi alichukua kalamu mwenyewe. Alifuta, akaandika, akaweka sahihi pembeni kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. "Wewe mama," alisema polepole, "utakuja kujuta."

"Nimejuta tangu Ijumaa. Nimemaliza." Daftari aliikunja karatasi akaifunga kwenye pindo la kanga, akainuka, magoti yakilia, akamsaidia Wifi kusimama. Kisha akampigia dereva tumbo la lori kwa kiganja.

"Fungulia."